Injini ya Lori Haifi kwa Uzee

Tangu Likoni hadi Lunga Lunga, na kutoka pwani ya Diani hadi nyika ya Kinango, lori ni mali itegemewayo na watu wengi. Ndilo lipelekalo maembe na nazi za Msambweni sokoni Mombasa, ndilo liletalo saruji na mabati kwa wajengao Ukunda, na ndilo libebalo mchanga na mawe. Wazee wayakumbuka malori ya miwa yaliyokuwa yakienda kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa mwaka 1988. Vijana nao wameyaona malori yaliyobeba mchanga wenye madini ya titani kutoka machimbo ya Kwale hadi gati la Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma mwezi wa Desemba 2024.

Makampuni makubwa huwa na mafundi wao na karakana zao. Lakini lori la mtu mmoja ni habari nyingine. Mwalimu aliyestaafu hutia humo kiinua mgongo chake. Mkulima huuza sehemu ya shamba la minazi. Karani hukopa katika chama cha akiba na mikopo, na mshahara wake hukatwa kila mwezi. Injini ikifa katika mwaka wa pili, deni halifi pamoja nayo. Kwa sababu hiyo, habari ya kuitunza injini ya dizeli si ya mafundi peke yao. Ni habari ya kila nyumba ambayo karo za watoto wake hutoka katika lori.

Watu wengi hudhani kwamba injini huchakaa kwa wingi wa miaka, kama mtu anavyozeeka. Sivyo. Malori mawili ya namna moja yaweza kutoka kiwandani siku moja. Moja likafunguliwa injini kabla ya kilomita 100,000, na la pili likapita kilomita 500,000 pistoni zake hazijaguswa. Hiyo si bahati. Lile la kwanza liliuawa polepole kwa vitu vinne: vumbi, maji, joto, na oili iliyochoka. Vyote vinne vimejaa tele pwani ya kusini, na vyote vinne huzuiwa kwa gharama ndogo.

NAMNA INJINI HII IFANYAVYO KAZI

Injini ya dizeli yaitwa kwa jina la Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye injini yake ilijaribiwa na kufaulu mjini Augsburg mwaka 1897. Haina plagi ya kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni huisonga hewa ndani ya silinda mpaka ikae katika nafasi iliyo ndogo mara 16 au zaidi kuliko ile ya kwanza, na kwa kusongwa huko hewa hupata joto lipitalo nyuzi 500. Hapo pampu huyarusha mafuta kwa nguvu kupitia nozeli, yakatoka kama ukungu, nayo huwaka yenyewe mara yakutanapo na hewa ile ya moto.

Mambo mawili hutokana na hayo. Kwanza, injini hii sharti iundwe nene na imara ili kustahimili nguvu hizo, na ndiyo maana yaweza kuishi miaka mingi. Pili, uhai wake wote umo katika kubana kwa silinda na usafi wa pampu na nozeli. Nafasi iliyopo baina ya vyuma vya ndani ya pampu ni mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita moja, hali unywele wa mtu una unene wa mikroni zipatazo 70. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho, ikiingia humo, ni sawa na jiwe.

VUMBI

Injini ya lita 6, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta hewa ipatayo lita 6,000 katika dakika hiyo moja. Lori lendalo Kinango wakati wa kaskazi, likifuata nyuma ya lori jingine katika barabara ya udongo, huvuta pamoja na hewa hiyo vumbi jingi mno. Kizuizi ni kimoja tu, nacho ni chujio la hewa.

Mchanga ni mgumu kuliko chuma. Chujio likipasuka, vumbi huingia katika silinda, likachanganyika na oili na kuwa kama msasa usuguao mchana kutwa. Ringi za pistoni huliwa, silinda haibani tena, na kila asubuhi injini huwa ngumu kuwaka. Kisha huanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili.

Chujio la karatasi halifui mtu kama nguo, wala halipigwi juu ya gurudumu ili kukung'uta vumbi, kama wafanyavyo wengi kando ya barabara. Karatasi hupasuka nyufa ndogo, na toka siku hiyo chujio ni pambo tu. Yafaa lipulizwe kwa upepo wa pole kutoka ndani kwenda nje, kisha taa itiwe ndani yake mahali penye giza; nuru ikipenya kama nukta, lina tundu, na sharti litupwe. Wala haifai kulisahau bomba la mpira litokalo kwenye chujio hadi injini. Likilegea au likipasuka, hewa hupita hapo bila kuchujwa, hata chujio likiwa jipya.

MAFUTA YA DIZELI

Pepo za kusi huja na unyevu mwingi. Lori likilala usiku na tangi nusu tupu, hewa iliyomo ndani hupoa, na maji hutokea kwenye kuta za tangi kama umande. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo huzama chini, huko huko bomba linakovuta. Yakifika kwenye pampu na nozeli huleta kutu, na kwa kuwa hayana utelezi, vyuma husuguana vikavu. Dawa yake ni mbili, nazo ni rahisi: tangi lijazwe jioni, kazi iishapo, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, skrubu iliyo chini ya chujio la kutenga maji ifunguliwe kidogo mpaka maji yatoke na dizeli safi ionekane.

Jambo lingine ni kughushiwa mafuta. Utelezi wa dizeli ndio unaoilainisha pampu, na mafuta ya taa hayana utelezi huo. Kwa miaka mingi wako wafanya biashara wa Kenya waliochanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo, mpaka mwaka 2018 serikali ilipoutoza kila lita ushuru zaidi wa shilingi 18 ili kuizuia hila hiyo. Hata hivyo dereva anayenunua mafuta ya rahisi katika madebe ya kando ya njia hajui amenunua nini. Hata yakiwa dizeli ya halali, debe huwa na kutu na mrija umelala mchangani. Shilingi mia chache ziokolewazo hapo haziwezi kulipia pampu moja.

MAJI YA KUPOZEA

Hapa watu wa pwani wana adui ambaye watu wa bara hawamjui sana. Nchi ya Diani, Tiwi na Gazi imelala juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake hubeba chokaa. Visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi pia. Kila mpishi ameuona ukoko mweupe ushikao ndani ya birika. Ukoko huo huo hushika ndani ya injini na katika mirija myembamba ya rejeta, ukaziba njia na kuzuia joto kutoka. Chumvi nayo huleta kutu. Baada ya miezi mingi dereva hushangaa kuona injini yachemka kilimani hali rejeta imejaa maji.

Yafaa, basi, rejeta itiwe maji yasiyo na chumvi wala chokaa, pamoja na dawa ya kupozea kwa kipimo alichoandika mwenye kuiunda injini. Hata maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora kuliko ya kisimani. Dawa hiyo hufanya kazi ambayo wengi hawaijui. Silinda za dizeli hutetemeka kwa kila mlipuko, na mtetemo huo hufanya mapovu madogo majini. Mapovu yakipasuka juu ya chuma huchimba vitobo, hata siku moja maji yakaingia katika oili. Dawa hufanya ngozi nyembamba juu ya chuma, ikakilinda.

Wako mafundi waiondoao themostati, wakisema kwamba nchi hii ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Hilo ni kosa. Kazi ya themostati ni kuifikisha injini upesi katika joto lake la kazi na kuiweka hapo. Injini ifanyayo kazi katika ubaridi haichomi mafuta yote. Yaliyosalia huosha oili katika kuta za silinda, na masizi huzidi. Ikiwa injini yachemka, sababu itafutwe katika rejeta, mkanda wa feni na pampu ya maji, wala themostati isilaumiwe bure.

Tena, injini iliyochemka isimwagiwe maji baridi, wala mfuniko wa rejeta usifunguliwe papo hapo. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi hupasuka, na mvuke utokao umewaunguza wengi nyuso zao. Na izimwe, na ingojewe ipoe.

OILI

Oili hutelezesha vyuma, huondoa joto, hubeba uchafu, husaidia silinda kubana, na huzuia kutu, jambo kubwa kwa lori lilalalo karibu na bahari. Watu huitazama rangi yake, wakaiona nyeusi wakasema imeharibika. Lakini oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, kwa sababu kazi yake ni kuyabeba masizi. Lipasalo kutazamwa ni hesabu. Injini nyingi za zamani hutaka oili mpya kila kilomita 5,000. Za siku hizi huenda zaidi, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu chake. Lori la machimbo, ambalo hunguruma saa nyingi bila kwenda mbali, lisihesabiwe kwa kilomita, bali kwa saa za kazi.

Kila oili ibadilishwapo, chujio lake nalo libadilishwe. Kuongeza oili mpya juu ya ile ya zamani si kubadilisha. Ni kama kumimina maziwa mabichi katika mtungi usiooshwa. Na oili ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Lori lisiende hatua moja mbele.

KIVUKO NA KILIMA

Kivukoni Likoni, malori husimama katika foleni, na madereva wengi huacha injini zikinguruma. Injini isiyo na mzigo hupoa, mafuta hayaungui vizuri, na masizi huganda kwenye nozeli. Ikiwa foleni haiendi, na izimwe.

Mji wa Kwale uko juu ya vilima vya Shimba, kiasi cha mita 400 juu ya bahari. Dereva apandaye kutoka Kombani na mzigo mzito hung'ang'ania gia kubwa mpaka lori linatetemeka na kutoa moshi mweusi. Moshi huo ni mafuta yasiyoungua, nayo ni fedha ya mwenye lori iendayo hewani, huku pistoni na beringi zikipigwa kama kwa nyundo. Gia ishushwe mapema, kabla injini haijachoka. Na ateremkapo, atumie gia ile ile ambayo angepandia. Kuliachia lori bila gia ili kuokoa mafuta ni kuzitegemea breki peke yake, na makaburi yamekwisha pata watu kwa ajili hiyo.

Akifika juu, asizime injini mara moja. Kifaa kisukumacho hewa, ambacho mafundi hukiita tabo, huzunguka mara 100,000 na zaidi kwa dakika, na hutegemea oili kukipoza. Injini ikizimwa ghafula, oili husimama na kuungua katika beringi yake. Dakika tatu za kunguruma pole zatosha kukiokoa. Vivyo hivyo asubuhi, injini isipigwe kelele mara iwakapo, kwa maana oili haijafika juu.

MWENYE LORI NA DEREVA WAKE

Mengi yaliyotajwa hapa madereva wa Kwale wanayajua. Kwa nini, basi, hayafanywi? Jibu aghalabu limo katika namna dereva anavyolipwa na anavyosikilizwa.

Dereva wengi hulipwa kwa safari. Robo saa ya alfajiri ya kupima oili, kutoa maji kwenye chujio na kutazama mikanda haina malipo, na mwenzake ambaye hakuipoteza hufika machimboni kwanza akapakiwa kwanza. Jioni mwenye lori huuliza safari ngapi zimekwenda. Haulizi oili imepungua kiasi gani. Dereva akisema Jumanne kwamba kuna mahali pavujapo, huambiwa amalize wiki. Injini ikikwama Jumamosi, yeye ndiye afukuzwaye. Anayemfuata huijua hadithi hiyo, naye hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoua injini nyingi kuliko vumbi la Kinango.

Wenye malori nao wana hoja yao. Mkopo hauna huruma, na mwisho wa mwezi haungoji. Lakini na wapige hesabu. Kubadilisha oili ni kazi ya saa moja au mbili. Kufungua injini yote ni majuma kadhaa, lori likiwa juu ya magogo, vipuri vikingojewa, na kila siku ya hayo majuma haina safari hata moja. Siku iliyokopwa kwa injini hulipwa na riba kubwa kuliko ya chama chochote.

Dawa yake si ngumu. Mwenye lori amlipe dereva kwa robo saa ile, iwe ni sehemu ya mshahara, wala si hisani. Amwambie mbele ya taniboi kwamba akilisimamisha lori kwa sababu ya joto au mlio mgeni, hatalaumiwa hata kama safari imepotea. Taniboi naye afundishwe, maana ndiye dereva wa kesho. Kisha liwekwe daftari la senti chache ndani ya lori, na kila siku yaandikwe mambo matano: tarehe, kilomita, mafuta yaliyonunuliwa na mahali yaliponunuliwa, oili na maji yaliyoongezwa, na rangi ya moshi.

Daftari hilo husema kabla injini haijalia. Oili iliyoongezwa nusu lita mwezi wa kwanza, na lita mbili mwezi wa tatu, yatangaza kwamba ringi zinachoka. Maji yapunguayo kila siku na hakuna mahali pavujapo, yanaingia ndani. Moshi mweusi husema mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa buluu husema oili inaungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto husema kuna mafuta yasiyowaka au maji katika silinda. Karani azoeaye vitabu vya hesabu ataisoma habari hiyo Jumapili kwa dakika kumi, hata kama hajapata kushika spana maishani mwake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lori ni mali.

Basi mwenye lori asingojee fundi amletee orodha ya vipuri ndipo aanze kuwa mwangalifu. Na aende kesho alfajiri mahali lori lake lilalapo, akiwa na daftari mkononi, asimame kando ya dereva wake wakati kijiti cha kupimia oili kinapochomolewa. Siku hiyo dereva atajua kwamba robo saa ile ina thamani, na injini itaanza kuhesabu miaka yake upya.